Kutoa utando wa sabuni bafuni, kwa sisi tunaooga maji ya Ziwa Tanganyika

Wiki iliyopita shangazi yangu wa Katubuka, hapa Kigoma mjini, alinipigia simu akilalamika kwamba binti anayemsaidia kazi hajui kusafisha bafu. Nilipofika nikamkuta binti wa watu ameinamia sinki la kuogea, vidole vimechubuka kwa stili waya, na ule utando mweupe uko palepale. Nikamwambia shangazi, huyu mwache, kosa si lake. Mimi kazi yangu ni usafi wa nyumba za wageni hapa Mwanga, na utando huohuo uliwahi kunimalizia Jumamosi nzima.

Jua kwanza unapambana na nini. Sabuni ya kipande hupikwa kwa mafuta na kostiki soda. Ikikutana na kalsiamu na magnesiamu zilizomo majini inaganda, inakuwa kama nta isiyoyeyuka. Maji ya ziwa letu yana magnesiamu nyingi. Halafu sisi watu wa Kigoma sabuni yetu ni ya mawese. Hapo utando utakosaje? Na anayeusugua kwa sabuni ya kipande anauongezea mwenziwe.

Vitu vya kuwa navyo

Siki nyeupe, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, khanga kuukuu, dodoki au brashi laini, glavu, na nailoni lile linalofunika godoro jipya. Siki ukiikosa, chukua ndimu ya unga, vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita ya maji ya moto. Kusema kweli mimi naipenda zaidi, haiachi harufu ya kachumbari.

Stili waya irudi jikoni kwenye masufuria. Inachora mikwaruzo midogo, na utando unaofuata unapata pa kushikia.

Kuna wanaochanganya siki na magadi ya kupikia wakifurahia povu. Povu hilo ni vitu viwili vinauana. Ukishatulia umebaki na maji ya chumvi. Jik ndiyo usithubutu kabisa kuichanganya na siki au ndimu. Inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu zenye kidirisha kimoja juu hazina pa kuitolea.

Hatua ya 1. Fungua dirisha, toa ndoo na miswaki.

Hatua ya 2: Tambua unasafisha kitu gani

Marumaru za kawaida za ukutani, yaani vigae, si jiwe la marumaru lenyewe, zinavumilia siki. Terazo haivumilii, maana ndani yake mna vipande vya mawe ambavyo asidi inavila. Niliwahi kudondosha siki kwenye kizingiti cha terazo cha nyumba ya zamani, nikaifuta baadaye kwa raha zangu. Madoa yaliyofifia yapo mpaka leo na nalazimika kuyaruka kila nikiingia.

Sinki la kuogea lipime kwa sumaku, hata ya spika mbovu. Ikinasa, hilo ni chuma kilichopakwa enameli, na enameli ya zamani asidi huifubaza. Lipe dakika 10, usizidishe, tena anza na kona isiyoonekana. Isiponasa, huenda ni plastiki ngumu: siki iliyochanganywa na maji haina neno, ila unga wa kusugulia hapana.

Hatua ya 3: Kulowanisha

Hapa ndipo Jumamosi yangu ilipoishia. Nilikuwa napulizia siki ukutani, nasubiri kidogo, nasugua. Hakuna kitu. Napulizia tena, nasugua, bega linauma. Sikujua kwamba siki ukutani inatiririka chini na inayobaki inakauka kabla haijafanya kazi. Utando hautaki nguvu, unataka siki ikae.

Pasha siki iwe ya uvuguvugu, usiichemshe maana mvuke wake unakaba koo. Changanya na maji kiasi sawa, weka kijiko kimoja cha sabuni ya vyombo kwa kila nusu lita. Sabuni hiyo usiiruke: siki inaitoa kalsiamu na magnesiamu, lakini yanabaki mafuta, na mafuta yanabebwa na sabuni ya vyombo. Hii haigandi na maji yetu kama inavyoganda ya kipande.

Kausha ukuta kwanza. Ukiwa umelowa unaizimua siki. Kisha chovya vipande vya khanga, vikamue kidogo tu, vibandike ukutani kama unavyobandika tangazo. Juu yake bandika nailoni, lenyewe litashika kwa unyevu. Usiende kutafuta mifuko ya rambo, ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. La godoro linatosha ukuta mzima. Acha nusu saa, na pale chini karibu na bomba ambapo utando ni mnene acha saa nzima. Ukiona khanga inaanza kukauka pembeni, inyunyizie tena.

Kwa shangazi tulibandika ukuta tukaenda kukaa barazani na chai. Akatokea na upawa mkononi. "Mbona mmekaa?"

"Tunasafisha, bibi," binti akamjibu.

Hatua ya 4. Bandua, sugua kwa dodoki, suuza kwa maji mengi. Utando unatoka kama ugali uliolowekwa sufuriani. Ukibaki mahali, rudia hatua ya 3, usiongeze nguvu. Weusi wa kwenye maungio ya marumaru ni ukungu, hiyo ni habari nyingine: Jik, siku nyingine, ukuta ukishasuuzwa na kukauka.

Bomba la mvua lililoziba lifungie kimfuko cha siki kwa raba usiku kucha, asubuhi fungulia maji. Kama lina rangi ya dhahabu, nusu saa inatosha.

Hatua ya 5: Usirudi tena huko

Nunua ule mpira wa kufutia vioo vya gari, uning'inize bafuni. Anayeoga wa mwisho anavuta maji ukutani kutoka juu hadi chini, hata dakika haifiki. Maji yasiyokauka ukutani hayaachi kitu. Mara moja kwa wiki futa kwa mchanganyiko wa hatua ya 3, bila khanga wala nailoni.

Kuna wanaohamia sabuni ya maji ya kuogea, na kweli utando unapungua sana. Nilimpendekezea shangazi. Akaniuliza kama nimesahau nilikuwa naogeshwa na nini. Tukakubaliana kipande chake cha mawese kikae kwenye kisahani chenye matundu, kisiyeyukie ukingoni mwa sinki, na mpira avute binti.

Jana nimepita pale. Mpira anavuta shangazi mwenyewe, anasema binti anaacha michirizi.