Kabla hujapanda basi na dawa zako

Kama wewe au mzazi wako mnatumia dawa za kila siku, ziwe za presha, kisukari, kifafa, kifua kikuu au ARV, soma hapa kabla hujakata tiketi.

Dawa zikae kwenye mkoba unaoupakata mwenyewe, siyo kwenye buti la basi. Daftari la kliniki na kadi ya bima viende pamoja nazo. Piga picha boksi la dawa, jina na miligramu zionekane, maana ukifika duka la dawa Makambako ukasema unataka "kale keupe kadogo", hakuna atakayekuelewa.

Wa insulini: Juni na Julai kule Makete na Kitulo umande huganda alfajiri. Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Usiiache ndani ya gari usiku, na usiisogeze karibu na jiko la mkaa.

Halafu hesabu vidonge. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mama yangu alipoumia.

Ilikuwa masika. Simu ikaja kwamba shangazi yake amefariki Makete. Mama alikuwa anaishi kwangu Uyole, anameza amlodipini miligramu 5 kila asubuhi, na presha yake ilikuwa imetulia. Akafunga vidonge 8 kwenye pindo la khanga. Nikamwambia, "Mama, chukua boksi zima." Akasema, "Nakwenda kuzika tu, mwanangu, siendi kuhamia." Nikanyamaza. Nilipaswa kung'ang'ania.

Wakazika. Yakaja matanga, kikaja kikao cha ukoo kuhusu shamba la viazi, kisha mvua ikaiharibu barabara ya kupitia Kitulo na magari yakawa hayapiti. Kila nilipompigia nilimuuliza kama dawa zipo, na kila mara alijibu, "Zipo." Kweli zilikuwepo. Siku 4 za kwanza alimeza vizuri. Alipoona safari inarefuka akaanza kuzibania, anameza kimoja, anaruka siku tatu. Kichwa hakikumuuma, kizunguzungu hakuna, akajiona mzima. Presha ikipanda mara nyingi haiumi popote.

Asubuhi ya siku ya 16 kikombe cha chai kilimponyoka. Mdomo ukaenda upande. Ndugu wakasema ni upepo mbaya, wakamkanda kwa maji ya moto hadi mchana, ndipo wakatafuta gari. Nilipofika hospitali nikafungua lile pindo la khanga: vidonge 2, havijaguswa. Hadi leo mkono wake wa kulia haushiki kijiko.

Kwa hiyo hesabu siku za safari, zidishe mara mbili, ongeza wiki. Ukienda msibani, beba za mwezi. Nenda kliniki mapema, waambie unasafiri, wakupe za kutosha au wakuelekeze kituo cha kuchukulia huko uendako. Wa kifua kikuu hasa: matibabu ya kawaida ni miezi 6, na kukatisha njiani kunawapa vijidudu nafasi ya kujenga usugu. Usipunguze dozi ili zifike. Zikibaki za siku 5, anza kutafuta nyingine siku hiyo hiyo.

Ukisahau dozi, kwa dawa nyingi unameza mara unapokumbuka. Kama saa ya inayofuata imekaribia, iache uliyoisahau, usimeze mbili kwa mpigo. Dawa za kifafa usikate ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Usiazime kidonge cha jirani kwa sababu na yeye ana presha, dawa zenu huenda si moja. Na mtu akipinda mdomo, akilegea mkono au maneno yakimkwama, huenda ni kiharusi, msimkande. Gari, hospitali, saa hiyo hiyo.

Beba maji ya kumezea. Chaji simu. Mwambie mwenyeji wako unameza nini na saa ngapi, na usimwonee aibu. Masika ulizia barabara kabla hujaondoka, na usiulize kituo cha mabasi tu, mpigie mtu aliyeko huko juu.