Kabla ya kuifuata timu ndogo ugenini, Uingereza

Wengi wetu tulihamia Uingereza tukiwa na timu zetu tayari: Arsenal, Liverpool, Manchester United. Tiketi zake ni ghali na hazipatikani kirahisi. Mimi nilichoka kutazama mpira kwenye runinga huku viwanja viko jirani, nikaanza kwenda kwa Dulwich Hamlet, kusini mwa London, klabu iliyoanzishwa mwaka 1893, rangi zake waridi na bluu. Inacheza madaraja ya chini, nje ya zile klabu 92 za Ligi Kuu na madaraja matatu yanayoifuata. Mechi za nyumbani hazina shida. Ukishuka stesheni ya East Dulwich umefika. Safari za ugenini ndizo zinazotaka maandalizi, nami nazipenda kuliko zote.

Kwanza hakikisha mechi ipo. Timu mojawapo ikisonga mbele katika Kombe la FA, mechi ya ligi iliyopangwa Jumamosi ya raundi inayofuata ya kombe huahirishwa, na mara nyingi huangukia Jumanne usiku, saa mbili kasorobo. Halafu kuna mvua na barafu. Viwanja vingi vya ngazi hii ni vya nyasi za asili na havina mabomba ya joto chini ya udongo, kwa hiyo majira ya baridi maji hutuama au ardhi huganda, na mwamuzi ndiye anayeamua baada ya kukagua. Anaweza kukagua asubuhi, akakagua tena adhuhuri. Niliwahi kusafiri karibu saa mbili hadi mji mmoja wa pwani nikakuta geti limefungwa na karatasi imebandikwa. Uamuzi ulitoka nikiwa ndani ya treni. Tangu siku hiyo siondoki bila kusoma matangazo ya klabu mwenyeji, na njiani nayasoma tena. Wenye nyasi bandia, kama Maidstone United, hawasumbuliwi sana na mvua.

Ndiyo maana tiketi ya treni isinunuliwe kwa pupa. Ile ya bei nafuu iliyofungwa kwenye treni moja hairudishiwi fedha mechi ikiahirishwa. Bora kwenda na kurudi kwa tiketi ya saa zisizo na msongamano, ambayo unaweza kuirudisha ukakatwa ada kidogo. Mkiwa watu 3 hadi 9, kampuni nyingi za treni hupunguza theluthi moja ya nauli hiyo. Angalia pia kama kuna ukarabati wa reli, maana wikendi ndipo unapofanyika na treni hugeuka kuwa basi. Klabu ikiwa na basi la mashabiki, weka nafasi mapema.

Kwa sisi tunaoswali, Desemba inataka hesabu yake. Mpira huanza saa tisa alasiri, na London jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Alasiri iswaliwe kabla ya kuingia, kwa sababu Magharibi inaingia karibu na mapumziko. Mimi hubeba mswala mwembamba kwenye begi na kumwomba mhudumu wa klabu kona tulivu. Sijawahi kunyimwa.

Baridi huanzia miguuni, kwani utasimama juu ya zege karibu saa mbili. Soksi pea mbili, viatu vya soli nene, koti lenye kofia. Mwavuli uache, unamziba aliye nyuma yako, na sehemu yenye paa huwa ndogo.

Beba noti na sarafu pia. Mageti mengi sasa yanapokea kadi, lakini jarida la mechi na bahati nasibu ya mapumziko huenda vikataka fedha taslimu, na kwa klabu hizi pauni hizo zina uzito wa kweli. Kwenye kibanda cha chakula utakuta chai, chipsi, pai na Bovril, kinywaji cha nyama ya ng'ombe. Anayekula halali abaki na chai na chipsi, au aje na chakula chake.

Skafu yako vaa bila hofu. Kwa kawaida mashabiki hawatenganishwi, na mapumziko yakifika pande zote mbili hubadilishana magoli ili kila mmoja awe nyuma ya lango ambalo timu yake inashambulia. Mara ya kwanza nilidhani watu wanaondoka.

Mwisho, treni ya kurudi. Mechi ya Jumanne humalizika karibu saa nne kasorobo usiku, na ya kombe yaweza kuingia hadi penalti. Jua saa ya treni ya mwisho kabla hujatoka nyumbani, na ikikubana, sema mapema kwa wenzako wenye magari. Mara mbili nimerudi London kwenye kiti cha nyuma cha watu niliokutana nao uwanjani jioni ileile.