Jinsi ya Kupata Tena Mahali Ulipoogelea Utotoni Lamu

Mimi ni nahodha wa mashua hapa Lamu, na miongoni mwa abiria wangu wapo waliohamia Maskati, Dubai au Uingereza pamoja na wazazi wao wakiwa wadogo, kisha wakarudi ukubwani kutafuta mahali walipokuwa wakiogelea. Karibu wote huanza na ramani. Ramani itafika zamu yake, lakini kwanza itafute saa ya maji, kwa sababu wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 3, na palipokuwa kidimbwi cha watoto asubuhi huwa njia ya vyombo alasiri.

Hatua ya kwanza: andika yote unayoyakumbuka kabla ya kutazama picha yoyote, kwa kuwa picha ikishaingia huifuta kumbukumbu yako. Andika kama ulikanyaga mchanga au tope la mikoko, maji yalikufika wapi mwilini, na jua lilikuwa upande gani. Mji wa Lamu unaelekea kisiwa cha Manda, yaani mashariki. Basi ukikumbuka jua la asubuhi likikupiga usoni huku ukitazama maji, yaelekea ulisimama pwani ya mji au ya kijiji cha Shela, na ukikumbuka likizama nyuma ya mapaa ya mji ng'ambo ya maji, ulikuwa upande wa Manda. Kumbuka pia kwamba maji yaliyomfika kifuani mtoto wa miaka 6 yatakufika mapajani leo.

Hatua ya pili ndiyo yenye siri yote, nami huitilia mkazo kuliko nyingine: tafuta tarehe ya mwezi mwandamo, yaani ya kalenda ya Kiislamu, ya siku unayoikumbuka. Maji hufuata mwezi, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo tarehe ileile ya mwezi huleta maji ya namna moja mwaka baada ya mwaka. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, na hapo maji hujaa mnamo saa 10 alasiri na kupwa mnamo saa 4 asubuhi. Hivyo siku ya Idd ndogo, tarehe 1 ya mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, asubuhi baada ya swala maji huwa yanakupwa. Idd kubwa huangukia tarehe 10 ya mfunguo tatu, ambapo maji hujaa karibu na adhuhuri, na hayajai sana kwa sababu maji mafu, yaani siku za maji madogo, yamepita punde tu.

Niliwahi kumchukua mama mmoja aliyekulia Oman, ambaye alikumbuka nguo mpya za Idd na mchanga mweupe katikati ya bahari. Alikuwa ameshatafuta siku mbili, kila mara alasiri, akaamini kwamba mahali pale pamekwisha. Nilipomuuliza ni Idd gani akajibu kuwa ni ile ya baada ya kufunga, tukangoja bamvua na kwenda saa 4 asubuhi. Fungu la mchanga lilikuwa wazi, na kando yake kidimbwi chenye maji ya magotini. Alilia, nami nikazima mashine ya mashua ili pawe kimya.

Hatua ya tatu: waulize wazee, kila mmoja peke yake, na usiwatajie jibu unalolitarajia. Usimwambie, “Bibi, si tulikuwa tukioga Shela?” Muulize, “Bibi, watoto wa mtaa wetu walikuwa wakioga wapi, na nani aliwachunga?” Jina la mchungaji mara nyingi hufufua jina la mahali ambalo halimo katika ramani yoyote.

Hatua ya nne: sasa fungua Google Earth kwenye kompyuta na urudishe picha za miaka iliyopita. Chagua zile ambazo mafungu yanaonekana, kwani hizo zilipigwa maji yakiwa yamekupwa. Mchanga huhamishwa na pepo za kusi na kaskazi, kwa hiyo usidai fungu liwe palepale. Fuata mwamba, mkono wa bahari na ukingo wa mikoko.

Hatua ya tano: nenda katika tarehe ileile ya mwezi, pamoja na nahodha mwenyeji, nusu saa kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa au kujaa. Usiingie katikati ya mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda wakati wa bamvua maji yakiwa mbioni, kwani mkondo humshinda hata mwogeleaji hodari. Ukifika, piga magoti majini ili macho yako yawe kwenye kimo cha mtoto, kisha utazame ng'ambo. Ukipatambua, hifadhi mahali hapo katika simu kwa ajili ya ndugu zako walio ughaibuni, na uandike kando yake tarehe ya mwezi na saa, la sivyo nao watakuja kukuta maji matupu.