Kukanda tumbo la mgonjwa wa dayalisisi aliyefunga choo: mambo ya kuzingatia kabla

Kukanda tumbo kwenyewe si kazi ngumu. Ndugu yeyote mwenye mikono tulivu anaweza kufundishwa. Kinachohitaji akili ni kujua nani asikandwe, na lini.

Anza na dawa anazomeza. Mgonjwa wa dayalisisi, yaani anayesafishwa damu kwa kuwa figo zake zimeshindwa, hufunga choo kwa sababu zilizorundikana: maji amepimiwa, matunda na mboga kadhaa amekatazwa kwa ajili ya potasiamu, na kila mlo anameza kalisiamu kaboneti au sevelama ya kuzuia fosfeti. Ongeza vidonge vya madini ya chuma, na pengine tramadoli au kodeini ya maumivu. Mara mbili au tatu kwa wiki anakaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne, na haja ikimjia hapo anaibana. Akiwa na kisukari cha muda mrefu, mishipa ya fahamu ya utumbo nayo huwa imedhoofika. Peleka vidonge vyote kliniki, pamoja na vile vya kununua dukani. Mara nyingine kubadilishiwa dawa moja husaidia kuliko mwezi mzima wa kukandwa.

Tatizo hili lisidharauliwe. Figo zikishindwa, utumbo hujitwika sehemu ya kazi ya kutoa potasiamu, hivyo choo kikikaa ndani, nayo hubaki mwilini.

Sasa nani asiguswe tumbo. Mwenye figo za vifuko vingi vya maji, ule ugonjwa wa kurithi, asikandwe: figo hizo huvimba hadi kujaza tumbo, na kifuko kikigandamizwa kinaweza kupasuka na kuvuja damu. Aliyewahi kupandikizwa figo aulize kwanza, hata kama figo hiyo imeshachoka na amerudi kwenye mashine, kwa kuwa huwekwa chini ya tumbo karibu na kinena, mahali pasipo na mbavu za kuikinga, na mara nyingi haitolewi. Vivyo hivyo mwenye katheta (mrija wa kusafishia damu) ya kinena, ngiri, uvimbe wa mshipa mkuu wa damu tumboni, maji tumboni, ujauzito, au mshono ambao daktari hajaruhusu uguswe. Anayesafishwa kupitia tumboni yuko kwenye kundi lake peke yake. Choo kikijaa hugandamiza mrija na maji ya dawa hayatoki vizuri, kwa hiyo anahitaji msaada mapema, lakini asikandwe bila ruhusa ya muuguzi wake. Maji yakitoka yenye ukungu, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu wakati, siku isiyo ya mashine ndiyo bora. Wakati wa kusafishwa damu mgonjwa hupewa hepari ili damu isigande, na akitoka presha yake huwa imeshuka. Akikandwa saa hizo anaweza kuvilia damu chini ya ngozi au kupata kizunguzungu. Pima presha kabla ya kuanza, ila si kwenye mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za mashine. Namba ya juu ikiwa chini ya 100, au chini sana ya kawaida yake, ahirisha. Subiri saa moja baada ya chakula, na kama bado anapata mkojo, akojoe kwanza.

Kata kucha, nawa, pasha mikono joto. Mafuta ya nazi kijiko kimoja yanatosha. Dawa za kuchua zenye ukali ziacheni kabatini: ngozi ya wagonjwa hawa ni kavu na huwasha, na salisilati iliyomo kwenye baadhi yake hupenya ngozini na inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Mgonjwa alale chali, mto chini ya magoti ili tumbo lilegee. Mkono wenye fistula ukae huru, usilaliwe wala kuegemewa.

Utumbo mpana hupanda upande wa kulia wa mgonjwa, huvuka chini ya mbavu, kisha hushuka kushoto. Viganja vifuate njia hiyo hiyo, kama mshale wa saa, kwa dakika mbili tatu za kupapasa tu. Kisha kanda upande wa kushoto kwanza, kutoka mbavuni kushuka kinenani, ili njia ya kutokea ifunguke; halafu ndipo uanzie kulia na kuuzunguka wote. Jumla dakika 15, mara moja kwa siku. Wakandaji wetu wengi huamini kukanda ni mpaka mtu agune. Hapa sivyo, na mwenye kisukari huenda asisikie maumivu hata pale unapomuumiza, kwa hiyo mtazame uso na ukomee kwenye shinikizo la wastani.

Akimaliza, akae kidogo kabla ya kusimama, kisha aende chooni hata kama haja haijabana. Choo cha kukaa kinahitaji kigoda cha sentimita 20 hivi chini ya miguu. Cha kuchuchumaa ni kizuri kwa haja, lakini mwenye presha ya kushuka anaweza kuanguka akiinuka, kwa hiyo pawe na kitu cha kushika.

Haluli, maziwa ya magnesia na enema za fosfeti zisitumike kabisa: figo zilizoshindwa haziwezi kutoa magnesiamu na fosfeti zilizomo. Ukwaju, tende na ndizi mbivu nyingi humwongezea potasiamu. Dawa nyingine za kufungua choo, kama laktulosi, sena au bisakodili, daktari anaweza kuruhusu, ila bisakodili isimezwe pamoja na kalisiamu kaboneti wala maziwa, maana ganda lake huyeyukia tumboni mapema na kuleta msokoto. Dawa hizo zisikatwe ghafla kwa sababu kukanda kumeanza. Matokeo huja polepole, kwa wiki kadhaa.

Tumbo likiwa gumu na limevimba, hapitishi hata upepo, anatapika, ana homa, au choo ni cheusi cha kunata kama lami, usikande, mpeleke hospitali. Vidonge vya chuma pia hufanya choo kiwe cheusi, lakini bila kunata wala harufu kali. Udhaifu wa ghafla wa misuli au moyo kwenda mrama ni dalili ya potasiamu kupanda, na hilo halisubiri zamu yake ya mashine.