Umefunga GPS kwenye semi? Jifunze kusoma grafu ya mafuta kabla hujamfukuza dereva

Kazi yangu ni kufuatilia malori ya transiti, hasa njia ya Dar hadi Tunduma. Matajiri wapya wakinipigia, tisa kwa kumi ni hii: "Dada, wese limeshuka ghafla, huyu dereva ananiibia!" Mara nyingi hajaibiwa. Sensa ya mafuta imefungwa ovyo, au grafu imesomwa kwa hasira. Kwa mwenye semi moja au mbili, mimi hufanya hivi.

Anza na fundi. Kifaa cha GPS kisikae pale chini ya dashibodi ambapo kila fundi umeme wa barabarani anapajua. Kiwe na betri yake ya ndani, ili waya ukikatwa kiendelee kutuma na wewe upate taarifa. Laini iliyomo iwekewe bando. GPS nyingi "zilizokufa" zimeishiwa bando tu. Pasipo na mtandao, kifaa kizuri hutunza taarifa na kuzituma lori likifika penye mnara. Kwa hiyo likiganda kwenye ramani katikati ya pori, vuta subira kidogo kabla ya kukimbilia polisi.

Ukishawishiwa kuweka rilei ya kuzima injini kwa simu, sharti liwe moja: itumike lori likiwa limesimama. Semi ikizimwa injini inateremka mlima Kitonga, usukani unakuwa mzito na kompresa haijazi tena upepo wa breki. Kwa ajili ya mafuta utaua watu.

Sasa sensa ya mafuta, ambako ndiko pesa ilipo. Inazama ndani ya tenki na kupima kimo cha dizeli, haijui lita. Lita inafundishwa: tenki linamwagwa likauke, kisha linajazwa lita 20, namba inaandikwa, 20 nyingine, inaandikwa, mpaka lijae. Kazi hii ni ya masaa, ndiyo maana fundi mwenye haraka huiruka na kukuwekea makadirio ya tenki la lori jingine. Simama hapo mpaka amalize. Matenki mawili, sensa mbili.

Halafu grafu. Lori likipanda Kitonga, dizeli inalalia upande mmoja wa tenki. Mstari unaweza kuporomoka, kisha ukapanda wenyewe barabara ikiwa tambarare. Hakuna aliyechukua kitu. Mafuta yakinyonywa, picha ni nyingine: spidi sifuri, mstari unashuka kama ngazi na haurudi hata lori likiondoka. Tazama saa na mahali, hifadhi picha ya skrini.

Wajanja hawanyonyi tenki siku hizi. Wanakinga kwenye ritani, bomba linalorudisha dizeli tenkini, kidogo kidogo, injini ikiunguruma, na grafu inateremka taratibu kama kawaida. Hapo sensa peke yake haikusaidii, kaa na kikokotoo. Dar hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Semi yenye mzigo ikitembea kilomita 2 kwa lita, itakula lita 465 hivi. Usilinganishe na lori la jirani, linganisha na safari nyingine za lori hilohilo, uzito uleule. Toa na masaa ya kuunguruma limesimama: dereva aliyelala foleni ya mpakani na AC imewashwa amechoma mafuta kweli, na hilo mnaongea kama watu wazima. Risiti ya sheli nayo iweke kando ya grafu, uone kama lita zilizolipiwa ndizo zilizoingia.

Lakiri ya kielektroniki inayofungwa kwenye mzigo wa transiti ni ya TRA, mamlaka ya mapato, haihusiani na kifaa chako. Ina macho ya forodha, kwa hiyo dereva asichepuke nje ya njia iliyoidhinishwa, hata kama ni kwenda kusalimia nyumbani.

Dereva aambiwe mapema kilichofungwa na kinaonyesha nini. Siku grafu ikishuka, mtumie ile picha ya skrini umuulize kabla ya kumshutumu. Na kama unapiga simu, angalia spidi kwanza. Isiposoma sifuri, subiri.