SOMO: Mjusi mgonjwa dukani, umnunue kwa huruma au umwache?

Wakuu, habari za wikendi. Huku Uingereza baridi ikianza tu, swali hili linarudi: mtu kaingia duka la wanyama kununua chakula cha samaki, katoka na picha ya mjusi aliyebaki mifupa, anauliza amnunue ili amwokoe. Naweka hatua zote hapa tuwe tunaelekezana. Sheria nitakazotaja ni za England. Wa Scotland, Wales na Marekani, angalieni za kwenu.

Msimamo wangu nautoa mapema: ukimlipia mjusi mgonjwa, wewe ni mteja tu kama wateja wengine. Daftari la muuzaji halina safu ya huruma, lina mauzo. Kizimba kikibaki kitupu anaagiza mwingine, naye anaingia kwenye kizimba kilekile, chini ya taa ileile mbovu.

Hatua ya 1: Mtazame mnyama, kisha watazame jirani zake

Usigonge kioo. Simama pembeni umwangalie kwa utulivu.

Leopadi geko, yule mjusi wa madoa mwenye asili ya Pakistani na Afghanistani, huweka akiba ya mafuta mkiani. Mkia wa mzima ni mnene, na wa mgonjwa umenyauka hadi unahesabu pingili. Angalia na vidole: ngozi ya zamani ikikwama pale hukaza, damu haifiki, kidole kinakufa na kukatika. Kwa mjusi mwenye ndevu wa Australia, anza na taya la chini na miguu. Taya lililovimba, miguu iliyopinda, vidole vinavyotetemeka: huyo kakosa kalsiamu na mwanga wa UVB (miale ya jua isiyoonekana, inayousaidia mwili kutumia kalsiamu) kwa muda mrefu. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi akiinua kichwa juu na kupumua mdomo wazi huku ute unamtoka, tatizo liko kwenye njia ya hewa. Chungulia pia bakuli lake la maji. Vidoa vyeusi vilivyozama humo kama pilipili manga ni utitiri, na utitiri wa nyoka huhamia kwa nyoka wako kirahisi sana.

Sasa tazama vizimba vya jirani, maana hapa ndipo uamuzi unapogeuka. Mmoja kakonda na wenzake wazima? Huenda ananyang'anywa chakula au taa yake haifanyi kazi, na mara nyingi hilo linatibika. Geko watatu wanne wote mikia imenyauka? Mimi hapo nafikiria kriptosporidia, kimelea cha utumbo kisicho na dawa ya kuaminika, na dawa ya madoa tunayosafishia choo haikiui. Ukimwingiza huyo kwenye nyumba yenye geko wengine, unaweza kuwapoteza wote.

Hatua ya 2: Ongea na muuzaji, bila kelele

Wengi hawajui kwamba England duka la wanyama haliruhusiwi kumuuza mnyama mgonjwa wa aina hiyo. Kanuni za leseni za mwaka 2018 zinataka wanyama wanaouzwa wawe na afya njema. Mwenye hali inayoweza kuathiri ubora wa maisha yake asiuzwe wala asihamishwe, isipokuwa apelekwe sehemu ya kutengwa au kwa daktari mpaka apone. Duka lenyewe linatakiwa liwe limejiandikisha kwa daktari wa wanyama.

Kwa hiyo usiombe punguzo. Uliza tu: "Samahani, huyu daktari amemwona lini? Mna sehemu ya kuwatenga wagonjwa?" Kijana wa kaunta mara nyingi hajui lolote, msimvurumishie matusi, mwombeni amwite meneja. Nimeshaona meneja akimtoa mnyama kwenye kioo palepale, kwa sababu tu mteja aliuliza swali la maana kwa sauti ya kawaida.

Hatua ya 3: Ripoti

Leseni hutolewa na kaunsili ya eneo husika, na inatakiwa ibandikwe dukani mahali inapoonekana. Andika namba yake, tarehe na saa, kisha piga picha ya mnyama, maji, taa na kipimajoto kama kipo. Peleka kitengo cha leseni cha kaunsili kwa barua pepe, maana simu haiachi ushahidi. Mnyama akiwa na mateso ya wazi, wapigie pia RSPCA, shirika la kutetea wanyama. Inachosha, najua, na majibu huchelewa. Lakini ukaguzi unagusa vizimba vyote, wakati pochi yako inamtoa mmoja.

Mlioko Marekani, msitegemee Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya shirikisho: inahusu wenye damu moto tu, reptilia hawamo. Anzeni na sheria za jimbo na udhibiti wa wanyama wa mji wenu.

Hatua ya 4: Ukiambiwa "mchukue tu bure"

Kwanza hilo sharti la kutomhamisha liko palepale. Jibu langu huwa: apite kwa daktari wa duka, au akabidhiwe kituo cha uokoaji kwa maandishi. Na kituo kikitafuta wa kumlea, piga hesabu kabla ya kuitikia. Kumwona daktari, vipimo vya kinyesi, dawa, taa ya UVB, themostati (kifaa cha kudhibiti joto): jumla hiyo inaweza kuipita bei ya mjusi mara kadhaa. Piga simu kliniki kwanza uulize kama wanatibu reptilia, si kila daktari wa mbwa na paka anawajua. Una chumba cha kumtenga kwa miezi 3? Na daktari akisema alazwe usingizi wa mwisho, utakubali? Kama moja kati ya hayo ni "hapana", mwachie mwenye uwezo. Akishaingia kwako, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inakuhesabu wewe kuwa mwenye jukumu naye.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nimesoma nimechelewa. Nimeshamnunua geko, yuko sebuleni kwenye boksi. Nianzie wapi usiku huu?

Jibu: Joto kwanza, chakula baadaye. Reptilia mwenye mwili wa baridi hawezi kusaga chakula, kinamvundia tumboni. Mpe pango la joto, sakafu yake iwe nyuzi 31 hadi 33, lililounganishwa na themostati, na upande wa pili ubaki wa baridi ili achague mwenyewe. Tandika karatasi za jikoni, si mchanga, ili kinyesi ukione. Weka maji ya kina kifupi. Mpime kwa mzani wa jikoni, uandike gramu. Usimlishe kwa nguvu: aliyekaa na njaa muda mrefu anaweza kudhurika akijazwa chakula ghafla. Kinyesi cha kwanza kiweke kwenye kichupa safi, kesho kiende kwa daktari. Kama una wengine, wahudumie wao kwanza, huyu awe wa mwisho.

Swali: Nina mtoto wa miaka 3. Kuna hatari?

Jibu: Ipo. Reptilia hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, tumboni hata akiwa mzima kabisa. Walio chini ya miaka 5, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa wenye gamba chini ya inchi 4 kwa sababu hiyohiyo, watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Dada yangu, kwa umri huo ningesubiri. Na vyombo vyake visioshwe kamwe kwenye sinki la jikoni.

Swali: Nimeona kobe bapa wa kwetu anauzwa huku. Gamba linabonyea, si mgonjwa huyo?

Jibu: Swali zuri! Kobe wengine gamba likilainika ni dalili mbaya, ila huyu wa miambani Tanzania na Kenya ameumbwa hivyo, gamba jembamba linalonyumbulika ili ajibane kwenye nyufa za mawe. Ugonjwa mtafute kwenye macho, pua na uzito. Lakini swali kubwa ni makaratasi. Tangu 2019 yuko Kiambatisho cha I cha CITES, yaani orodha kali kuliko zote ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hutaga yai moja tu kwa kawaida, kwa hiyo waliotolewa porini hawarudishiki upesi. Muulize muuzaji cheti cha Kifungu cha 10, yaani kibali cha kumuuza mnyama aliyelindwa hivyo. Akikosa, ripoti.

Swali: Mimi niko Dar. Kuna kijana anauza kobe barabarani, amepasuka gamba. Nimnunue nikamwachie porini?

Jibu: Hapana kwa yote mawili, kaka. Kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa, na ukimwachia pori lisilo lake anaweza kupeleka magonjwa kwa waliopo. Wapigie TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania, wape mahali na saa. Wa Kenya, KWS, shirika la wanyamapori la huko.

Swali: Daktari kasema geko wangu hatapona. Nimesikia watu wanawaweka kwenye friza, wanalala tu.

Jibu: Usifanye hivyo. Ni mateso, na yeye hawezi kupiga kelele ukajua. Mrudishe kwa daktari huyohuyo apewe sindano, umuulize na gharama za uchunguzi wa mzoga. Kama ilikuwa kriptosporidia, majibu hayo yapeleke kaunsili pamoja na risiti yako.