Jinsi ya kuipa bia jina na lebo yenye kisa

Tusker ilipata jina lake kwa msiba. Miongoni mwa waanzilishi wa kiwanda chake, mwaka 1922, walikuwa ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la mnyama huyo. Karne imepita, kichwa cha ndovu bado kiko kwenye lebo. Mimi husanifu lebo hapa Mombasa, na kila mwenye kiwanda kidogo anayenijia humwomba kisa kwanza. Rangi zitafuata.

Hatua ya 1: Kitafute kisa ndani ya bia yenyewe. Kaa na mpishi wake, muulize kuhusu viungo na msimu. Bia nyepesi ya ngano, ya kunywewa Januari jua linapochoma, inastahili kuitwa Kaskazi, upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni. Nyeusi nzito ya miezi ya mvua iite Kusi. Mhudumu atakisimulia kisa hicho huku akifungua chupa. Sanamu za pembe za ndovu za barabara ya Moi Avenue usizikimbilie, kila fulana ya watalii inazo.

Hatua ya 2: Uliza kisa ni cha nani. Hapa usiwe na haraka. Mji huu una Waislamu wengi, na wengine watapita mbele ya chupa yako kila siku bila kuigusa. Mnara wa msikiti, maandishi ya Kiarabu, mwanamke wa buibui: hivyo havina nafasi kwenye lebo ya pombe, hata vikipendeza vipi. Majina ya kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, nayo yaache. Ni mahali pa maombi na makaburi ya wazee, na UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Mgema juu ya mnazi, huyo ni jamaa wa bia. Lakini nenda ukazungumze na wagema kabla ya kumchora, wakueleze kamba inafungwaje na kibuyu kinaning'inia wapi. Mchoro wa kubahatisha watautambua mara moja.

Hatua ya 3: Lisake jina KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara Kenya, katika daraja la 32, ndilo la bia. Ombi likikubaliwa hutangazwa, watu wana siku 60 za kupinga, na usajili hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa.

Hatua ya 4: Chora kitu kimoja tu. Pembetatu nyekundu ya Bass, bia ya Kiingereza, ndiyo alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa Uingereza, 1876, na mchoraji Mfaransa Manet alipochora baa ya Paris mwaka 1882 chupa zake zinatambulika kwa pembetatu hiyo. Chupa ni mviringo, kwa hiyo jina lisizunguke hadi ubavuni.

Hatua ya 5: Tenga mapema nafasi ya kiwango cha kileo, alama ya KEBS (shirika la viwango), stempu ya KRA (mamlaka ya kodi) na maonyo ya afya yanayodaiwa na sheria ya vileo ya 2010. Ukiyaacha mwisho yataufunika mchoro.

Hatua ya 6: Loweka chupa kwenye ndoo ya barafu usiku kucha. Kwa unyevu wa pwani, karatasi ya kawaida huvimba na kubanduka. Asubuhi isugue lebo kwa kidole gumba; wino ukitoka au kona ikiinuka, mwambie mchapaji akupe lebo ya plastiki na gundi ya kustahimili maji, kisha uloweke tena kabla ya kulipia uchapaji wote.